Kengele ya Basi na Abiria Asiyeweza Kupaza Sauti



Wiki hii naomba tuzungumze juu ya kitu kidogo sana, kidogo kiasi kwamba wengi wetu tumeshasahau kama kipo. Nacho ni kengele ya basi: ile ambayo abiria anaibonyeza, au anaivuta kwa kamba, ili dereva ajue kuwa kuna mtu anashuka kituo kinachofuata. Najua wapo watakaosema kuwa bwana huyu ameishiwa na mambo. Foleni hazipungui, nauli zinapanda, watu wanabanana milangoni asubuhi na jioni, naye anatuletea habari za kengele! Nawaomba subira. Wazee walisema dalili ya mvua ni mawingu. Namna basi linavyomshusha abiria wake ni dalili ya namna mji unavyowatazama watu wake.

Hebu tulitazame jambo lenyewe. Katika basi la mjini anayepanda na anayeshuka si watu wa thamani moja. Anayepanda ni nauli. Anaitwa kwa sauti, anavutwa mkono, anapokewa mzigo, anaambiwa viti vipo hata kama havipo. Anayeshuka ameshalipa. Hana tena cha kumpa mtu. Dereva akisimama kwa ajili yake anapoteza dakika, na mwenzake wa nyuma anampita na kuwahi abiria wa kituo cha mbele. Kwa hiyo anayepanda ana watu wengi wa kumsaidia, na anayeshuka anajitetea mwenyewe. Swali la mazungumzo yetu ya leo ni hili: anajitetea kwa kutumia nini?

Tuanze hapa nyumbani. Katika daladala za Dar es Salaam, kushuka ni mazungumzo. Konda anachungulia mbele, anaona kituo kinakaribia, anauliza: "Makumbusho wapo?" Akijibiwa "wapo", au mtu akisema "shusha", konda anapiga bodi la gari kwa kiganja na dereva anakanyaga breki. Pakiwa kimya anasema "hakuna, twende", gari linapita. Abiria akishashuka bodi linapigwa tena, mara mbili safari hii, dereva anajua kuwa njia ni nyeupe. Jirani zetu wa Nairobi wana taratibu zinazofanana na hizi. Abiria wa matatu anasema "shukisha", na wapo wanaogonga kwa sarafu kwenye kioo au kwenye bomba la kushikilia.

Sitaki kuudharau utaratibu huu. Una uungwana wake. Konda mzuri anamkumbuka bibi aliyepanda na kikapu na kuulizia hospitali, akifika anamwambia: "Bibi, tumefika, shuka taratibu." Hakuna kengele duniani inayoweza kufanya hivyo. Abiria nao husaidiana. Mmoja akisema "shusha" kwa sauti ndogo, wa mbele yake anaipokea na kuipaza: "Konda, kuna mtu huku!" Tumesafiri hivyo tangu daladala ziliporuhusiwa rasmi mwaka 1983, wakati nauli ilipokuwa shilingi 5, sarafu ambayo watu waliiita dala, na tunafika.

Lakini utaratibu huu una ufunguo mmoja tu, nao ni sauti. Asiye na sauti hana ufunguo.

Siku moja nilikuwa katika daladala iliyotoka Mwenge kwenda Tegeta. Muziki ulikuwa umefunguliwa mpaka vioo vinatetema. Kiti cha nyuma, pembeni ya dirisha, alikaa kijana mmoja nadhifu, begi dogo mapajani. Tulipokaribia Tangi Bovu konda aliuliza kama wapo wa kushuka. Hakuna aliyejibu. Kijana yule alitoa sarafu mfukoni akagonga bomba la kiti, mara moja, mara mbili, mara tatu. Konda akageuka na kuuliza kwa ukali ni nani anayechezea gari. Kituo kikapita. Hapo kijana akainuka, akapita juu ya miguu ya watu, huku akionyesha kwa mikono kule tulikotoka. Alikuwa kiziwi, na hakuwa na uwezo wa kusema. Wapo waliocheka. Alishushwa kituo kilichofuata, tukamwona akirudi nyuma kwa miguu, juani, pembeni mwa magari.

Nilimuuliza konda kwa nini hakusimama. Alinijibu bila ubaya wowote: "Mzee wangu, si hakusema!"

Jibu lile limekaa kichwani mwangu. Konda yule hakuwa katili. Alikuwa anasema kweli kwa mujibu wa kazi yake. Katika gari ambalo abiria anatambuliwa kwa sauti peke yake, asiyesema ni sawa na asiyekuwamo. Na msidhani ni viziwi tu. Yupo mwanafunzi wa darasa la pili aliyesimama katikati ya mapaja ya watu wazima. Yupo mgonjwa aliyetoka hospitali, koo limekauka. Yupo binti ambaye konda amekuwa akimtania njia nzima, naye anaona bora apitilizwe kituo kuliko kumpa mtu yule neno jingine la kudakia. Yupo mgeni wa mji ambaye hajui kama inasemwa "shusha" au "simama", anaogopa kuchekwa. Wote hawa wamelipa nauli, kila mmoja kwa kiwango chake.

Sasa tuiangalie kengele, maana haikuanguka kutoka mbinguni. Ilitokana na tatizo hili hili.

Mwaka 1829 bwana mmoja aitwaye George Shillibeer alianzisha mjini London gari kubwa la kukokotwa na farasi, lililochukua abiria yeyote mwenye nauli. Liliitwa omnibus, na ndiko lilikotoka neno basi. Dereva wa magari ya namna ile alikaa nje, juu, akiwatazama farasi wake. Abiria walikuwa ndani, nyuma ya ubao. Wangemwambiaje kuwa wamefika? Katika baadhi ya magari ya aina hiyo, Uingereza na Marekani, dawa iliyopatikana ilikuwa kamba. Ncha moja ilikuwa ndani kwa abiria, ncha ya pili ilifungwa kwa dereva mwenyewe, mkononi au mguuni. Ukitaka kushuka unavuta, dereva anahisi mguu wake unavutwa, anasimamisha farasi. Mnaweza kucheka, lakini tazameni maana yake. Abiria maskini ambaye hakuwa na gari lake alikuwa na kamba iliyomfikia dereva moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu wa tatu na bila kupiga kelele.

Kengele ilikuja kuuokoa mguu wa dereva. Kamba ikaachwa pale pale juu ya vichwa vya abiria, lakini ncha yake ikafungwa kwenye kengele iliyo karibu na sikio la dereva.

Pengine kengele ya basi iliyojulikana kuliko zote ni ile ya mabasi mekundu ya ghorofa ya London, aina ya Routemaster, yaliyoanza kubeba abiria mwaka 1956. Katika basi lile dereva alikaa peke yake katika kijumba chake mbele, ametengwa na abiria. Kondakta alikuwa nyuma, penye mlango usiokuwa na komeo, akikata tiketi. Watu hawa wawili walifanya kazi pamoja siku nzima bila kuonana uso kwa uso, na lugha yao ilikuwa kengele. Ghorofa ya chini kamba ilipita darini kutoka mbele hadi nyuma. Mlio mmoja maana yake simama kituo kinachofuata. Milio miwili, ondoka. Milio mitatu, gari limejaa, usichukue mtu. Milio minne, kuna hatari.

Kwa hiyo ukimsikia konda wetu anapiga bodi mara mbili ili gari liondoke, mjue kuwa hana tofauti kubwa na kondakta wa London. Mmoja alikuwa na kamba, mwingine ana kiganja. Tofauti iko mahali pengine. Ile kamba ya London ilipita juu ya vichwa vya abiria wote. Kuliondoa gari ilikuwa kazi ya kondakta, lakini ule mlio mmoja wa kuomba kushuka hata abiria aliweza kuupiga akinyoosha mkono. Kwetu kiganja ni cha konda peke yake.

Baadaye ukaja umeme. Kengele ya umeme ni kitu rahisi, na fundi yeyote wa umeme wa magari anaweza kukueleza. Ukibonyeza kitufe umeme unapita katika waya uliozungushwa juu ya chuma. Chuma kinageuka sumaku, kinavuta kinyundo, kinyundo kinapiga kikombe cha kengele: ting! Ukiachia, sumaku inakufa na kinyundo kinarudi. Ipo na aina ya pili, ambayo umeme unajikata na kujirudisha wenyewe mara nyingi kwa haraka, na badala ya ting unasikia ngrrr, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Mlio mmoja safi au mngurumo, yote miwili ilisikika vizuri juu ya sauti ya injini. Zile Ikarusi kutoka Hungaria, ambazo wakazi wa Dar es Salaam waliokuwapo enzi za mwanzo za UDA, shirika lililoanzishwa mwaka 1974, bado wanazisimulia, zilikuwa za zama hizo za vitufe karibu na milango.

Jambo lililobadilisha kabisa kengele lilikuwa kuondolewa kwa kondakta. Katika nchi nyingi, baada ya Vita Kuu ya Pili, makampuni ya mabasi yalianza kupunguza gharama kwa kumwachia dereva kazi zote: kuendesha, kupokea nauli, kufungua mlango. Japani mabasi hayo yaliitwa wanman, yaani mtu mmoja. London waliendelea na makondakta katika baadhi ya njia mpaka Desemba 9, 2005, siku Routemaster ya mwisho ya huduma ya kawaida ilipofanya safari yake katika njia namba 159. Kondakta alipoondoka, ilibidi kengele ihamie mikononi mwa abiria. Haikuwa tena lugha ya wafanyakazi wawili. Ikawa lugha ya mwenye safari kwa anayemsafirisha.

Ndipo vitufe vikaenea, kila nguzo na kitufe chake, chekundu au cha njano, kimeandikwa STOP. Marekani waliipenda kamba kiasi kwamba hadi leo mabasi yao mengi yana kamba ya njano iliyopita sambamba na madirisha. Ukiivuta, mbele kunawaka maandishi ya kusema kuwa basi limeombwa kusimama. Japani ukibonyeza, taa za vitufe vyote zinawaka kwa mara moja, na sauti iliyorekodiwa inasema, "Tsugi, tomarimasu", yaani kituo kinachofuata tunasimama. Fikirieni heshima iliyomo katika maneno yale mawili. Abiria ameomba kwa kidole, amejibiwa kwa maneno, na gari zima limesikia kuwa ombi lake limepokewa.

Mlio nao umebadilika. Katika mabasi mapya hakuna tena kinyundo wala kikombe. Kuna kidude cha elektroniki kinachotoa sauti mbili laini, di-ing do-ong, kupitia spika. Mabasi mengi pia yamepangwa hivi: wa kwanza akishabonyeza, taa inawaka, na wengine wakibonyeza baada yake hakuna mlio tena mpaka mlango ufunguliwe. Sababu inaeleweka. Dereva anayesikia kengele mamia ya mara kwa siku mwishowe haisikii kabisa, na watoto nao hupenda kuchezea vitufe. Wapenzi wa mabasi ya zamani wanasikitika. Wanasema mlio wa chuma ulikuwa na uhai, na kila abiria alikuwa na mlio wake. Mimi siwalaumu. Lakini kwangu uzuri wa mlio ni jambo la pili. La kwanza ni kama mtu aliyeomba anapata jibu.

Hapa ndipo sheria ilipoingia. Marekani walipitisha mwaka 1990 sheria kubwa ya haki za watu wenye ulemavu. Kanuni zake za mabasi zikaingia mpaka ndani ya kitufe chenyewe. Basi lenye urefu wa zaidi ya futi 22, ambalo abiria wanaweza kushuka vituo mbalimbali wapendavyo, lazima liwe na kitufe mahali anapokaa mwenye kiti cha magurudumu. Kitufe hicho kisiwe juu zaidi ya inchi 48 kutoka sakafuni, wala chini ya inchi 15, yaani kati ya sentimita 38 na 122 hivi. Kiweze kutumika kwa mkono mmoja. Na ombi likishafika, kuwe na ishara mbili: ya kusikika na ya kuonekana.

Kwa nini mbili? Kwa sababu kipofu anasikia mlio lakini haoni taa, na kiziwi anaona taa lakini hasikii mlio. Kengele bila taa inamsahau mmoja. Taa bila kengele inamsahau mwingine. Walioandika kanuni ile walikaa chini wakawafikiria abiria mmoja mmoja, akiwemo kijana kama yule wa Tangi Bovu.

Je, sisi hatuna sheria? Tunazo. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao unataja usafiri waziwazi miongoni mwa huduma zinazopaswa kufikiwa na kila mtu. Mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Karatasi tunazo. Kilichobaki ni waya na kitufe.

Na hata vitufe, wasikilizaji, mara nyingi tunavyo! Sehemu kubwa ya mabasi madogo yanayofanya kazi ya daladala yaliwahi kutumika Japani kabla ya kuletwa kwetu. Mkipanda tazameni kwenye nguzo na juu ya madirisha. Katika baadhi ya magari mtakuta vitufe vile vya Kijapani, vimepigwa rangi juu yake, au vimebaki matundu mawili ya skrubu, au vipo vizima kabisa lakini waya wake umekatwa. Nimebonyeza kadhaa kwa udadisi. Vingi vimekufa. Gari lilikuja na ulimi wake, sisi tukaukata.

Nilipoyasema haya kwa madereva na makonda wa kituo kimoja, walinipa hoja zao, na ni haki nizieleze. Walisema kwanza, watoto watachezea. Ni kweli watachezea, kama watoto wa kote duniani, na wakishazoea wataacha. Pili walisema gari lina konda, kengele ya nini? Nami nawajibu kuwa konda anabaki na kazi yake. Atauliza vituo, atapokea nauli, atamshusha bibi na kikapu chake. Kengele itamsaidia kujua kuwa nyuma kule, nyuma ya watu 15 waliosimama, kuna mtu ambaye sauti yake haifiki. Tatu walisema gharama. Hapo nilitabasamu. Gari ambalo lina spika nne za muziki na taa za rangi kuzunguka kioo cha mbele linashindwaje kuwa na waya mmoja, vitufe viwili na kitaa kimoja?

Hoja ya nne ndiyo niliyoiona nzito. Mzee mmoja, dereva wa miaka mingi, aliniambia: "Mwandishi, kengele haikanyagi breki. Breki inakanyagwa na mguu wangu, na mguu wangu una haraka ya hesabu ya tajiri." Alikuwa anasema kuwa dereva anayetakiwa kupeleka kiasi fulani cha fedha kila jioni atapita kituo hata kengele ikilia kama ya kanisani. Ni kweli. Kengele peke yake haitoshi. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya dereva kusema hakusikia na dereva kuonekana na gari zima kuwa amesikia na hakusimama. Taa ikiwaka mbele ya macho ya abiria 30, neno "hakusema" halipo tena. Abiria wenyewe watakuwa mashahidi.

Tena kengele inamfundisha hata abiria adabu. Wengi wetu tuna tabia ya kusema "shusha hapo hapo kwenye mwembe", mita 50 baada ya kituo, dereva anasimama katikati ya barabara na nyuma magari yanapiga honi. Kengele haijui mwembe. Kengele inasema kituo kinachofuata, basi.

Mtu anaweza kuniuliza, na mwendokasi je? Mabasi ya mwendokasi yalianza kubeba abiria Dar es Salaam mwezi Mei 2016, na yamejaribu kulimaliza tatizo kwa njia nyingine. Basi la kawaida la mwendokasi husimama kila kituo njiani, awepo wa kushuka asiwepo. Katika mfumo wa namna hiyo huhitaji kuomba. Ni jambo zuri. Lakini mwendokasi haliingii kila mtaa. Mamia kwa maelfu ya watu bado wanamalizia safari zao katika daladala, na huko ndiko sauti inakohitajika.

Wapo wanaokata tamaa na kusema kuwa daladala haziwezi kubadilika. Nawakumbusha Kenya. Februari 2004 kanuni zilizosimamiwa na waziri wa uchukuzi wa wakati huo, marehemu John Michuki, zilianza kutumika. Matatu zilitakiwa kuwa na mikanda kwa kila kiti, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na mstari wa njano ubavuni. Watu walisema haiwezekani. Wenye magari waligoma. Lakini matatu zilifungwa mikanda na zilipakwa mistari. Kwamba baadaye usimamizi ulilegea ni habari nyingine, ila hakuna anayeweza kusema tena kuwa gari la abiria halibadiliki.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwa LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019: gari linapokaguliwa, pamoja na matairi na breki, mkaguzi abonyeze na kitufe cha kushukia. Kilie kwa dereva na kiwashe taa. Kimoja kiwe nyuma, kimoja kiwe chini karibu na mlango, mahali mtoto na mwenye ulemavu wanapofikia. Kwa wenye magari: kabla ya kununua spika ya tano, mpelekeeni fundi gari lenu arudishe waya ule uliokatwa. Na madereva, punguzeni muziki gari linapokaribia kituo, mpate kusikia.

Na kwetu sisi abiria, maana hatuwezi kukaa tukisubiri mamlaka. Mpaka siku kengele zitakapofungwa, sisi ndio kengele. Ukimwona mwenzako anainuka, anatazama nje, anatafuta sarafu mfukoni, midomo inacheza na sauti haitoki, usisubiri akuombe. Sema wewe, kwa sauti ambayo Mungu amekujalia: "Konda, shusha, kuna mtu."